Servo Iliyozeeka ya Mzee Kulwant

Mume wangu hatupi kitu. Nalisema mapema ili unayesoma ujue nimeishi na mtu wa namna gani kwa miaka ishirini na sita. Kandambili ikikatika anaitia msumari. Kifuniko cha chupa ya chai kikipasuka anachonga kingine kwa mti wa kahawa, halafu ananiapia kwamba kinafunga vizuri kuliko cha kiwandani, wakati chai yenyewe inapoa kabla ya saa nne. Jina lake ni Gerson Kaaya, mzaliwa wa kijiji cha Akeri, na kazi yake ni ufundi. Mimi ni Magreth, wengi huniita Mama Eli, na ni muuzaji. Tuna duka moja lenye meza mbili, nyuma ya Soko Kuu hapa Arusha. Meza yangu ina vitu vipya, kila kimoja ndani ya boksi lake. Meza yake ina vitu ambavyo mtu mwingine angeshavitupa zamani.

Tunashughulika na magari ya rimoti. Sizungumzii yale ya kumnunulia mtoto Krismasi, yanayokufa kabla ya mwaka mpya. Haya ni ya watu wazima, yana springi na tairi za kweli, na wenyewe hukusanyika kila Jumamosi mchana kule Kikwe kuyakimbiza kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi. Utamwona mtu mzima, meneja ofisini kwake, amepiga magoti kwenye vumbi anapuliza gari lenye ukubwa wa ungo wa kupepetea mchele.

Ndani ya kila gari la namna hiyo kuna kisanduku kidogo kinachoitwa servo. Ukizungusha usukani wa rimoti, servo ndiyo inayogeuza magurudumu ya mbele. Humo ndani mna mota, gia nne au tano zenye meno madogo ya kutia kizunguzungu, na kifaa kinachoiambia servo imegeuka mpaka wapi. Juu yake kuna kikono cha plastiki kinachosukuma vijiti vya magurudumu. Vumbi la huku kwetu likiingia humo linachanganyika na grisi, linakuwa msasa, na baada ya msimu mmoja meno yanakuwa yameshalika.

Hapo ndipo kelele za ndoa yetu zinapoanzia. Mteja akileta servo iliyochoka, mimi namwonyesha mpya: nyepesi, ina gia za chuma, haiogopi maji. Gerson anasogea. Anavaa miwani, anaichukua ile ya zamani mkononi mwa mteja, anaifungua. Meno yakiwa yameisha anapachika ya servo nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Kile kifaa cha kupimia kikichafuka anakisugua kwa spiriti. Mota ikiungua, hapo tu ndipo anapomsukumia mteja kwenye meza yangu, tena kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nimeshamwambia mara nyingi kwamba duka letu lina adui mmoja tu na ninalala naye kitanda kimoja.

Alianzia kwenye mashine ya baba yake ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, akiwa hajafika hata kipaimara. Akaja kwenye redio kaseti, kisha simu. Gari lake la kwanza la rimoti alilipata kanisani. Sikukuu ya mavuno watu wa kwetu huleta walichonacho, na baada ya ibada vitu hupigwa mnada pale nje: mkungu wa ndizi, jogoo, debe la mahindi. Mwaka huo mama mmoja alileta gari la rimoti aliloachiwa na watu aliokuwa akiwafanyia kazi, halitembei, na gurudumu moja limepinda. Mwinjilisti akalinyanyua juu, waumini wakacheka. Gerson akanyoosha mkono. Nilimkanyaga mguu, hakusikia. Tulirudi nyumbani bila jogoo niliyekuwa nimemlenga, na baada ya wiki mbili lile gari lilikuwa likiwafukuza kuku wa jirani.

Sasa nije kwa Mzee Kulwant. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, na ameniambia nisirembe chochote.

Mzee Kulwant Singh alizaliwa Arusha na kuzeekea Arusha. Kwa miaka hamsini alikuwa na karakana ya malori, na ujanani mwake aliendesha magari ya mashindano, mpaka leo sebuleni kwake kuna picha nyingi za magari yaliyojaa matope kuliko picha za ndugu. Mke wake alifariki, anaishi na binti yake Harleen. Mwaka jana aligonga geti la nyumba yake mwenyewe. Harleen akamwomba funguo za gari. Mzee alizitoa mfukoni, akaziweka mezani, akaenda kumwagilia maua. Ni Harleen aliyenisimulia hayo, na alipokuwa akisimulia alikuwa anafuta macho.

Tangu siku hiyo mzee alibaki na usukani mmoja tu duniani, ule wa rimoti. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Nikimpa chai dukani namjazia nusu kikombe, na hata hiyo nusu hucheza. Mwenyewe alikuwa halipi jambo hilo uzito.

"Mama Eli, kwenye kikombe inatetemeka kwa sababu kikombe hakina kazi," aliniambia siku moja. "Kwenye usukani haitetemeki. Njoo Kikwe uangalie. Siku gari langu likiyumba pale kwenye mstari ulionyooka, nitajua nimekwisha, nitaweka rimoti chini."

Nilikwenda nikaangalia. Pale Kikwe njia ya mashindano imepangwa kwa vipande vya mpira wa kumwagilia, ina kona saba, na upande unaoelekea mlimani kuna mstari mrefu wa hatua kama sitini. Gari la mzee halikuwa na kasi. Kwenye kona lilichelewa, wenzake walimpita. Lakini likifika kwenye ule mstari lilinyooka kama limepigiwa kamba, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mzee alikuwa akigeuka kutazama kama watu wameona.

Alichokuwa akilalamikia ni zile kona. "Linachelewa kunisikia," alimwambia Gerson, na mara tatu mwaka huu alileta gari dukani. Mara tatu Gerson akaifungua servo, akasafisha, akaifunga, akairudisha, nami nikaamini ni ileile.

"Hii ni nzima, mzee," alimwambia. "Tumia tu."

Mimi nilikuwa nachemka. Rafu zangu zina servo za kila aina, na mzee wa watu anahangaika na mzoga.

"Baba Eli, mbadilishie huyo mzee," nilimwambia.

"Iache hiyo. Inamtosha."

"Inamtosha kwa sababu gani?"

"Inamtosha tu."

Nikamwambia anamwonea mzee kwa ukaidi wake wa kutokutupa vitu. Akainamia meza yake, akaendelea kusugua. Mume wangu ukimsukuma hasukumiki, anakuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi.

Mwezi wa tisa, baba yake mdogo Gerson alifariki kule Akeri, naye akapanda huko tangu Jumanne kushughulikia mazishi. Mimi nilikwenda siku ya kuzika, nikarudi kufungua duka. Alhamisi akaingia Harleen amebeba gari la baba yake ndani ya mfuko.

"Mama Eli, pole na msiba."

"Tumeshapoa, dada. Karibu."

"Jumamosi baba anatimiza miaka sabini na tisa. Kila siku ananiambia gari lake linachelewa kukata kona. Nipe servo iliyo bora kuliko zote, umfungie, nataka afurahi."

Unadhani nilisubiri mwenye meza arudi? Nilishusha boksi la juu kabisa. Ilikuwa servo ya kisasa, ya haraka, inayosikia kila amri ya rimoti hata iwe ndogo namna gani. Kufunga najua, nimemtazama Gerson miaka yote. Nilipoitoa ile ya zamani nilicheka kwa sauti. Kile kikono cha plastiki kilikuwa kinacheza huku na huku, na matundu ya vijiti yalikuwa yamepanuka mpaka unaona mwanga. Nikamwonyesha Harleen.

"Ona, dada. Huu ndio uzima anaousema fundi wetu."

Nikafunga servo mpya, kikono kipya, vijiti vipya. Vyote vikakaza barabara, hakuna kilichocheza. Harleen alinishukuru mara mbili. Nami nikaona mkono wangu umekuwa mwepesi, nikaendelea na kazi niliyokuwa nimeitamani kwa miaka: nikayamwaga makopo ya Gerson, servo zilizokufa, vikono, gia zisizo na meno, na ile ya mzee nikaitupia humohumo. Kijana wa chuma chakavu alipopita na mkokoteni wake nikampa gunia zima. Meza ya Gerson ikang'aa. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo, na sitajifanya kwamba sikujisikia hivyo.

Jumamosi Gerson alitoka Akeri akaja moja kwa moja Kikwe, bado amevaa koti la mazishini. Alikuta tumeshaimba, keki imeshakatwa juu ya boneti ya gari la Harleen, na mzee ameshaambiwa zawadi ni nini. Niliona jinsi Gerson alivyosimama aliposikia. Alianza kutembea haraka kuelekea alipokuwa mzee, lakini gari lilikuwa limeshaondoka.

Kona ya kwanza lilikata kama kisu. Watu wakapiga makofi. Ya pili, ya tatu, mzee akacheka, nami nikamtafuta Gerson kwa macho nimwonyeshe. Kisha gari likaingia kwenye mstari ulionyooka.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatetemeka. Gari zima lilikuwa likienda huku likijitikisa, kushoto kulia, kushoto kulia, na kwenye vumbi likaacha alama ya mawimbi madogo kuanzia mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Mzee akalizungusha, akalirudisha mwanzo, akajaribu tena, safari hii polepole. Mawimbi yakawa madogo zaidi na mengi zaidi.

"Servo hiyo ni kimeo," mtu mmoja akasema nyuma yangu. "Irudishwe dukani."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisikia neno dukani, damu ikanipanda. Boksi nimelifungua mwenyewe, nimeifunga mwenyewe, nani wa kuniambia nauza kimeo? Nikaenda mbio, nikamwambia mzee, "Hebu nipe mara moja," na kabla hajajibu nikawa nimeichukua rimoti mkononi mwake. Nikampa Nelson, kijana wa benki aliyekuwa amesimama karibu.

"Endesha wewe, watu waone."

Nelson akaendesha. Gari likapita kwenye ule mstari limenyooka kabisa, likakanyaga yale mawimbi yote katikati.

Nelson akaweka rimoti juu ya meza taratibu, kama inayounguza. Mzee Kulwant alikuwa ameinua mikono yake usawa wa kifua na anaiangalia. Alikuwa ameiweka namna ileile ya kushika rimoti, ila haikuwa na kitu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nimeelewa," akasema. Hakusema kwa hasira. "Asanteni kwa keki. Harleen, twende nyumbani."

Walipoondoka, Gerson alikaa juu ya tairi chakavu, akaniuliza swali moja.

"Ile ya zamani iko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya gunia. Akanieleza polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Gari lilipoletwa mara ya kwanza, wakati wa Pasaka, kusafishwa tu, kabla ya malalamiko ya kona, alilijaribu mwenyewe akakuta halina kitu. Kisha akampa mzee rimoti palepale dukani, akaona magurudumu yanatetemeka. Rimoti ya mzee ni ya zamani, haina mipangilio ya kupunguza amri ndogondogo. Basi Gerson akatafuta servo iliyochoka, nzito kusikia, ile ambayo ukiiambia jambo dogo haishughuliki. Akaweka kikono kilicholika, akayapanua matundu ya vijiti kidogo kwa tupa. Mtetemo wa mzee ukawa unaishia humo kwenye ulegevu, haufiki kwenye magurudumu. Mzee akigeuza usukani kwa nia, gari linageuka. Mkono ukitetemeka tu, gari halijui. Hasara yake ilikuwa ni kuchelewa kwenye kona, na Gerson aliona hiyo ni hasara ndogo. Kila mara mzee alipoleta gari, mtetemo ulikuwa umeongezeka, naye akaongeza ulegevu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia wewe, ningekuwa nimewaambia wateja wote."

Niliumia, maana alikuwa anasema kweli. Mtu akiniambia jambo saa mbili, saa nne liko sokoni.

Jumapili hatukusemeshana. Tulikaa kanisani benchi moja, tukala loshoro ya mahindi na mtindi meza moja, na kila mmoja akaosha bakuli lake. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye yadi ya chuma chakavu, nikaonyeshwa lundo kubwa kuliko nyumba yangu, nikaambiwa mzigo wa wiki iliyopita umeshapakiwa. Nilirudi dukani nikakaa. Niliwaza kwamba mzee yule alikuwa amebakiwa na jambo moja la kufurahia, na nimemnyang'anya mbele ya watu siku yake ya kuzaliwa ili nionekane muuzaji mwaminifu.

Jumanne saa tano hivi gari la Harleen likasimama nje. Mzee akaingia mbele, amefunga kilemba chake vizuri, amebeba gari lake mwenyewe ingawa lilikuwa likimsumbua kubeba. Harleen akafuata na rimoti.

"Shikamoo mzee," tukasema wote wawili.

"Marahaba." Akaliweka gari juu ya meza ya Gerson. "Fundi, umejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mzee."

"Nikakuletea mara tatu. Mara tatu ukaniambia ni nzima."

"Servo ilikuwa nzima, mzee. Niliyoilegeza ni..."

"Najua ulichofanya. Nimekaa siku mbili nikafikiri, nikajua. Miezi yote hii nawaambia watu mikono yangu ni imara kwenye usukani. Umenifanya mjinga."

Sikuweza kuvumilia. "Aliyekufanyia vibaya ni mimi, mzee. Mimi ndiye niliyekunyang'anya rimoti mbele za watu. Nilikuwa natetea bidhaa yangu. Naomba unisamehe."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Wewe umeniuzia kitu kizima, Mama Eli. Kimefanya kazi yake. Kunyang'anya, hilo nimekusamehe, ulikuwa na hasira, na mimi pia nina hasira." Akamgeukia Gerson. "Lakini wewe ni fundi na mimi ni fundi. Miaka hamsini watu waliniletea malori yao, na mengine ndiyo yalikuwa kila kitu walichonacho, nikawaambia kila mmoja, injini imekufa, chesisi imekatika. Wengine walilia pale karakanani. Niliwaambia hivyohivyo. Fundi haachi kusema gari lina nini."

"Niliogopa utaacha kuendesha," Gerson akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisema mwenyewe likiyumba utaacha. Sikutaka uache, mzee. Jumamosi bila wewe sijui ingekuwaje."

"Na kweli niliacha. Jumamosi jioni niliacha. Jumapili niliacha. Jana niliacha mpaka saa nane mchana." Mzee akavuta kiti, akakaa. "Baadaye nikachoka kuacha. Nionyeshe ulivyofanya. Yote."

Harleen akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Akaweka mkono kwenye bega la baba yake, na mzee hakuutoa.

Gerson alifungua servo ile ya kisasa, akaeleza kwa nini isingefaa: inasikia mno. Akaniomba kwenye rafu servo ya kawaida kabisa, ya polepole. Nikaishusha, nikafungua boksi lake, mpya, haijaguswa. Akatoa kikono na vijiti vyake, akachukua tupa nyembamba ya mviringo, akaiingiza kwenye tundu la kwanza. Akaishika hapo. Akaitoa, akafuta miwani, akaiingiza tena. Hakuweza. Mtu huyu maisha yake yote amekuwa akivirudishia uhai vitu vilivyochakaa, na mkono wake ulikuwa unakataa kuchakaza kizima.

"Lete," nikamwambia.

Nikaichukua tupa. Mimi, ninayeuza vitu vipya, nikaanza kupanua tundu la kitu kipya kwenye mwanga wa dirisha, na vumbi jeupe la plastiki likawa linaniangukia magotini.

"Usilizungushe," mzee akasema. "Panua upande wa mwendo tu, kushoto na kulia. Ukizungusha litapata mchezo wa juu chini, hauna faida. Kwanza tupime."

"Tupime nini, mzee?"

"Mimi."

Gerson akafunga vijiti kama vilivyokuwa, akaliinua gari juu ya boksi la kiberiti ili magurudumu yabaki hewani. Mzee akashika rimoti, akaweka viwiko mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujaribu kuzuia chochote. Aliiacha mikono itetemeke ilivyotaka. Magurudumu ya mbele yakatetemeka nayo. Gerson akasogeza rula, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa tairi.

"Milimita moja na nusu," akasema.

"Upande wa kushoto unazidi," mzee akasema. "Angalia tena."

"Kweli. Kushoto karibu mbili."

"Harleen, andika."

Harleen akatoa simu akaandika, akiwa analia waziwazi, na baba yake akamwambia aandike na tarehe.

Nikachonga. Gerson akafunga, mzee akashika rimoti, magurudumu yakacheza. Bado. Nikachonga tena, kidogo, upande wa kushoto. Bado kidogo. Wateja wawili waliingia, nikawaambia wapite baadaye. Mara ya tano mzee aliposhika rimoti, mikono yake ikawa inatetemeka kama kawaida juu ya meza, hata kopo la skrubu lililokuwa karibu likawa linalia, na magurudumu yamesimama kimya. Akageuza usukani kushoto, yakachelewa kidogo, yakaenda kushoto. Akageuza kulia, yakaenda kulia. Akarudisha katikati, yakatulia hapo.

Tulikaa tunayatazama. Nilikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, sikujua ipi ni kubwa.

"Kwenye kona nitaachwa," mzee akasema.

"Utaachwa, mzee," Gerson akamjibu.

"Sawa." Akaweka rimoti chini, akajifuta vumbi la plastiki lililokuwa limemrukia kwenye mkono wa shati. Kisha akanigeukia. "Mama Eli, nichongee na nyingine ya akiba. Hiyo iwe pana kuliko hii."

"Pana kiasi gani?"

Alifikiri kidogo, akiangalia mikono yake.

"Milimita tatu," akasema. "Ya mwakani."

Nikashusha boksi la pili, nikaanza kuichonga.